Marehemu Wetu wa Kwanza

Msichana aliyetuletea chai katika mkahawa wa Kilimani alituuliza kama sisi ndio klabu ya vitabu. Tulikuwa tumeizunguka meza ndefu, kila mtu na karatasi mbele yake, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wameinamisha vichwa, na nadhani kwa mtu wa umri wake watu wa namna hiyo hawawezi kuwa kitu kingine. "Klabu ya vitabu huwa tunawapea ile kona iko na makochi," alisema. Tulikuwa kamati ya mazishi. Tulikuwa tumekuja kupanga jinsi ya kumpeleka rafiki yetu Ambani kwao Kakamega, na karatasi iliyokuwa ikisomwa ilikuwa ratiba ya ibada. Atieno, mwenyekiti wetu, alimtazama yule msichana, akanitazama mimi, kisha akaangua kicheko ambacho mwenyekiti wa kamati ya mazishi hapaswi kukiangua. Nami nikamfuata. Ezekieli, kaka mkubwa wa marehemu, aliweka kikombe chini akangoja tumalize, kwa subira ya mtu ambaye miaka yote amejua kwamba marafiki wa ndugu yake hawako sawa.

Hakukuwa na la kuchekesha kwenye ratiba. Kwenye meza ya pili, amegeuza kiti upande kana kwamba amekuja kunywa chai yake tu, alikaa Lydia. Lydia ndiye aliyeishi na Ambani nyumba moja hapo juu ya barabara, ndiye aliyempeleka hospitalini, ndiye aliyetupigia simu. Lakini nyumbani kulikuwa na Rose, mke wa ujanani, mama wa watoto, ambaye Ambani hakuwahi kumwacha wala kurudi kwake. "Hatutaki mambo mingi siku hiyo," Ezekieli alisema, akipunguza sauti kidogo tu, kiasi cha kumwonyesha Lydia kwamba amepunguza. "Huyu dada tunamshukuru. Lakini watu wa nyumbani hawamjui. Akija, akae huko nyuma na marafiki." Kisha akanigeukia mimi, niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. "Andika vizuri, madam Njeri, wewe ni mwandishi. Lakini usiandike sana." Nimefanya kazi na wahariri wengi na sijapata ushauri bora zaidi ya huo. Swali lilikuwa limebaki mezani kama sahani isiyo na mwenyewe: je, jina la Lydia litakuwemo? Kila mtu alinitazama. Mimi nilitazama chai, kwa sababu akili yangu ilikuwa imeshatoka pale na kurudi katikati ya jiji, kwenye chumba cha nyuma chenye pazia la kijani, mwaka ule tulipomtafutia mtu mwingine kaburi.

Ulikuwa mwaka baada ya chuo. Nilikuwa na shahada iliyonifundisha kusema "muktadha" na chumba cha kupanga mtaa wa Satellite ambacho muktadha wake ulikuwa choo cha pamoja. Tulikuwa wanne: mimi, Atieno, Ambani, na Mutiso, mwana wa mchungaji, aliyeandika mashairi mafupi sana kwa muda mrefu sana. Tuliamini jiji linatungoja. Tulichokosa ni mahali pa kukaa tukisomeana, na hilo lilionekana jambo dogo mpaka tulipolitafuta. Chuoni, askari wa getini aliyetupungia mkono miaka yote sasa alitaka kitambulisho cha mwanafunzi. Ukumbi wa kanisa hapo Satellite tungeupata, ila mzee wa kanisa aliomba kwanza aone tutakachosoma, na shairi la Mutiso lilikuwa na neno "kifua". Kwa Ambani tulijaribu, lakini aliishi na binamu zake waliofanya kazi za usiku na kulala mchana, kwa hiyo tulisoma kwa kunong'ona, na hakuna hadithi ya mapenzi inayostahimili kunong'onwa huku wanaume wawili wakikoroma. Tukaenda Kenyatta Market, kwenye kibanda cha nyama choma. Mutiso alisoma shairi kuhusu ukimya wa mama yake huku muuzaji akikata mbavu kwenye gogo, na kila mshororo ukapata pigo lake. Zamu yangu ilipofika, dada wa saluni jirani alishika nywele zangu kutoka nyuma akauliza, "Hii kichwa utaitembeza hivi mpaka lini, mrembo? Keti nikusuke." Ndiyo tathmini pekee niliyopata siku ile.

Leo vijana wananiuliza tulianzishaje jamii ya waandishi, kana kwamba tulikuwa na ramani. Tulikuwa na mvua. Ilitukuta katikati ya jiji jioni moja baada ya kazi, karibu na River Road, tukapanda ngazi za hoteli ya kwanza tuliyoiona, moja ya zile hoteli za chapati na maharagwe zenye sinki la kunawia kwenye kona. Mutiso alikuwa amevaa suti nyeusi kwa sababu alitoka kwenye usaili. Atieno alikuwa na macho mekundu kwa sababu gazeti lilikuwa limemrudishia hadithi yake. Ambani alikuwa amekumbatia bahasha ya karatasi kifuani isilowe. Mwenye hoteli, mwanamke mnene mwenye aproni ya maua ambaye baadaye tulimwita Mama Kevo kama kila mtu, alitutazama tulivyosimama mlangoni tukichuruzika maji, akapunguza sauti ya redio, akasema, "Poleni sana, watoto wangu."

Tukasema asante.

Hapo ndipo kosa lote lilipo. Mtu wa nchi nyingine labda angeuliza, "Pole ya nini?" Lakini Nairobi ukiambiwa pole unapokea, kwa sababu daima kuna kitu: mvua, nauli, kazi, serikali. Mama Kevo alifungua mlango wa nyuma, akawasha taa, akavuta pazia la kijani. Kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki, kalenda ya mwaka uliopita, na maua ya karatasi ndani ya chupa ya soda. "Watu wa matanga siwatozi chumba," alisema. "Nyinyi nunueni chai tu. Kila jioni kama mnataka, mpaka mzike." Akatoka akifunga mlango polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Tulitazamana. "Nendeni mkamwambie," alisema Mutiso. Hakuna aliyeinuka. Nje mvua ilipiga mabati, ndani kulikuwa na meza, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuwa waandishi hatukumsikia mtu mwingine. Ambani alitoa karatasi zake. "Tutamwambia kesho," alisema, akaanza kusoma.

Kesho yake Mama Kevo alileta chai mwenyewe na kuuliza marehemu aliitwa nani, amtaje kwenye maombi. Ambani, aliyekuwa na mdomo uliotangulia kichwa, akasema, "Zablon." Zablon alikuwa mhusika mkuu wa riwaya yake: fundi wa redio wa Kawangware, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya na wake wawili wasiojuana. "Mzee Zablon," alirudia Mama Kevo, kama anayeonja mchuzi. "Mgonjwa au ajali?" "Presha," alisema Atieno. "Ni hiyo tu siku hizi," alisema Mama Kevo, akatuachia mandazi ambayo hatukuagiza.

Tungekuwa na heshima tungemzika Zablon wiki ileile na kwenda zetu. Lakini chumba kilikuwa kimeshatuingia mwilini. Atieno, aliyeishi na shangazi yake mahali ambapo meza ilikuwa pia kitanda cha binamu, aliandika pale kurasa ambazo hadi leo nazionea wivu. Mutiso alimaliza shairi. Watu wengine walianza kuja: karani mmoja, mwalimu wa chekechea, bwana mmoja aliyetunga tenzi kuhusu mpira. Kila mgeni tulimwonya ngazini, "Ukiambiwa pole, sema asante." Wiki zikapita na Mama Kevo akaanza kushangaa. "Kwani huyu mzee mtazika lini?" aliuliza, sahani ya matumbo mkononi. "Mochari si hoteli."

"Kuna shida, Mama," alisema Ambani. "Mke wa pili amejitokeza."

Mama Kevo aliweka sahani chini, akavuta kiti. "Lazima," alisema. "Lazima angejitokeza. Anaitwa nani?"

Aliitwa Peninah. Aliitwa hivyo tangu dakika ile. Familia ya mke mkubwa haikutaka kumwona karibu na maiti, yeye akaenda kortini, na kesi ya maiti katika nchi yetu inaweza kuwalisha waandishi kwa mwaka mzima. Kila jioni Mama Kevo alitaka habari mpya, nasi tukawa tunafika mapema kukubaliana kilichotokea mahakamani. Mimi nilipewa mawakili, kwa sababu nilipenda maneno magumu. Atieno alipewa Peninah. Na Mama Kevo alikuwa msikilizaji mbaya ajabu, Mungu ambariki: alipendelea upande, alikatiza, alishikilia kwamba Zablon alirogwa na shemeji yake na hakuna ushahidi uliomtoa hapo. "Huyo shemeji, mwangalieni," alituambia. "Mtu hawezi kufa presha tu, na alikuwa anakula mboga." Tukaongeza shemeji. Hadithi ikawa bora, jambo lililonikera kwa sababu nilikuwa nimesoma nadharia.

Kitu kimoja hatukukizingatia. Kila tulipomtaja Peninah, Mama Kevo aliacha kukatiza. Na mara moja, nikinawa mikono kwenye sinki, nilimsikia akimwambia mpishi wake, "Yule mama ananiuma roho. Watamfungia geti, utaona." Nikadhani tumeandika vizuri. Nilirudi kwenye meza nikawaambia wenzangu kwamba msomaji wetu ameguswa, na tukafurahi kama watu waliopata tuzo.

Siku Mama Kevo alipojua, alikuwa ametuletea chapati. Ambani alikuwa amesoma sura mpya na Atieno hakuipenda. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na sauti ya Atieno haikuwahi kujua kunong'ona. "Shida ni Zablon anachelewa sana kufa," alisema. "Mimi ningemuua kabla ya sura ya tatu. Na ningemtumia shemeji." Nilipoinua macho, Mama Kevo alikuwa mlangoni na sinia mikononi.

"Mngemuua nani?" aliuliza.

Mutiso, aliyelelewa kwenye nyumba ambapo uongo ulikuwa na adhabu zake, alisimama. "Mama, ni hadithi."

"Hadithi ya nani?"

"Ya Zablon."

"Zablon si alikufa?"

"Hajafa, Mama. Yaani... hajazaliwa."

Alitembea hadi mezani akaweka sinia. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya karatasi zangu. Nilijua tumekipoteza chumba, na nakumbuka nilijisikitikia mimi kwanza, nikijiona nikirudi Kenyatta Market kusoma insha kati ya mbavu na wasusi. Lakini yeye hakuuliza kuhusu chumba wala chai. Aliketi, akapangusa mikono kwenye aproni, akauliza, "Na Peninah?"

"Hakuna Peninah, Mama," alisema Atieno kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mama Kevo alitikisa kichwa muda mrefu. "Mimi wakati baba yake Kevo alikufa," alisema, "nilienda mpaka kwao. Nimebeba mtoto, nimevaa vizuri. Walinifungia geti. Nilisikia nyimbo zote nikiwa huko nje kwa barabara. Hata sanduku sikuona." Alisema bila machozi, kama anayeeleza njia ya kufika mahali. "Sasa nyinyi mnakuja hapa na Peninah yenu, kila jioni Peninah, Peninah, na mimi naenda kwa kanisa namwombea huyo mwanamke. Namwombea afunguliwe. Nimemwambia Mungu jina lake. Leo nimwambie nini? Nimwambie ilikuwa mchezo?"

"Tusamehe, Mama," alisema Ambani. "Tutatoka."

"Mtatoka mwende wapi?" aliuliza kwa ukali. "Kwani nimesema mtoke? Mtu hakai hivyo bila kuzikwa. Mtamzika. Hapa hapa. Na wateja wangu watakuja, kwa sababu wote wanajua Mzee Zablon, wamekuwa wakiniuliza. Na huyo Peninah," akagonga meza kwa kidole, "atakaa mbele."

Hivyo ndivyo tulivyofanya usomaji wetu wa kwanza wa hadhara, ule ambao vijana huuandika kwenye makala zao kama mwanzo wa mambo. Wanaandika kwamba tulitaka kufuta mpaka kati ya sanaa na maisha. Tulitaka kuendelea kukaa kwenye kile chumba. Ilikuwa Jumamosi mchana. Tuliondoa meza, tukapanga viti vya hoteli nzima, na vilipoisha watu wakasimama hadi ngazini: makanga wa matatu, wauza nguo, wahudumu wa hoteli jirani, mwanamke mmoja aliyevaa nyeusi kabisa kwa sababu hakuna aliyemweleza vizuri. Mama Kevo alikuwa amepika pilau. Kabla hatujaanza aliniita. "Mstari wa mbele weka viti viwili peke yake," alisema. Nilidhani kimoja ni cha Peninah na kingine ni chake mwenyewe. Mutiso aliomba, kwa kuwa alikuwa na damu ya kazi hiyo. Mimi nilisoma hukumu ya mahakama, na kwa mara ya kwanza watu walicheka mahali nilipokusudia wacheke. Ambani alisoma wasifu wa Zablon: alivyogonga redio kwa kifundo cha kidole kabla ya kuifungua, kama daktari, na alivyoweka stesheni moja katika kila nyumba yake ili asichanganye maisha. Kisha Atieno akasimama na kuanza kusoma sehemu ya Peninah, akiwa getini, amevaa vizuri, amebeba mtoto, akisikia nyimbo. Alifika pale ambapo mtu kutoka ndani anakuja kufungua. Hapo Mama Kevo, aliyekuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, alifungua aproni yake, akaikunja, akapita katikati ya watu na kukaa kwenye kiti kimoja cha mbele.

Kingine kilibaki kitupu. Watu walikuwa wamesimama wamebanana na hakuna aliyekigusa. Baadaye, tukirudisha meza, nilimuuliza kilikuwa cha nani. "Cha yule mke mkubwa," alisema, akifuta kitambaa cha plastiki. "Yule alinifungia geti. Naye alifiwa na bwana yuleyule, si ndiyo? Siku akichoka kusimama huko kwa geti akilinda, atapata mahali pa kukaa."

Tulikaa katika chumba kile miaka kadhaa baada ya hapo, bila marehemu wa kutulipia. Leo ngazi zile zinapanda kwenye duka la vifuniko vya simu. Mama Kevo alirudi kwao kulima, na salamu zake hunifikia kupitia Kevo mwenyewe, mwanamume mwenye kitambi sasa. Siku hizi karibu kila jioni mahali fulani jijini kuna kijana anasomea watu mbele ya maikrofoni, na mikahawa ya Kilimani inawawekea makochi. Nafurahi, na huwa naona wivu wa makochi. Ambani alimaliza riwaya yake na ikachapishwa, ikasomwa na watu wengi kuliko insha zangu zote zikifungwa pamoja. Na yeye aliyetuambia daima kwamba mwandishi mvivu ndiye anayeiga maisha, akaishia kuyaiga aliyoyaandika: stesheni moja Kakamega, nyingine Kilimani. Nilimwambia hivyo mara moja. Alicheka, kisha hakucheka. "Njeri wewe," alisema, "usiandike hiyo."

"Madam?" Ezekieli alikuwa ananingoja. "Tumekubaliana, au?"

Nilimtazama Atieno, naye alikuwa ananitazama tayari. Nywele zake zimekuwa na mvi na anafanya kazi kwenye ofisi yenye zulia, lakini sauti bado haijui kunong'ona. Kwenye meza ya pili Lydia alikuwa ameinuka. Alikuwa anakunja shali yake, akitafuta namna ya kutupita bila kuaga na bila kuonekana hajaaga.

"Mzee Ezekieli," nilisema, "nitaandika kidogo kama ulivyosema. Lakini nitaandika wote wawili."

"Dada yangu, nyumbani kuna wazee..."

"Wazee watasikia majina mawili na wataendelea kuishi," alisema Atieno. "Rose mwenyewe umemuuliza?"

Ezekieli alikunja ratiba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa ndugu wa kuzika na kijiji kizima cha kuridhisha, na nilimwona akitafuta katika kumbukumbu yake kama kuna aliyewahi kumuuliza Rose jambo lolote. "Anaingia leo jioni na basi," alisema mwishowe, kwa upole. "Nilikuwa nimwambie aje moja kwa moja hapa."

Atieno alikuwa ameshasimama. Alimfikia Lydia kabla hajafika mlangoni, akamshika mkono, akamrudisha taratibu hadi kichwa cha meza, kando ya karatasi zake. Hapakuwa na pa kukaa. Yule msichana wa mkahawa alikuja haraka, bado anatutazama kama watu waliosoma kitabu kigumu.

"Niwaongezee kiti?" aliuliza.

"Ongeza viwili," alisema Atieno.